Kuuza nyumba ya mzazi aliye hai kwa amri ya mahakama: kuteuliwa msimamizi si ruhusa ya kuuza

KifunguaMimba (mleta mada)

Salamu kwenu nyote. Nimeahidi mara mbili katika nyuzi za watu wengine kwamba nitaeleza kwa urefu namna tulivyouza nyumba ya mama yetu, akiwa hai lakini hana tena uwezo wa kuamua mambo ya mali yake, na leo natimiza ahadi hiyo. Mimi si mwanasheria. Naandika kama mtu aliyekosea kwanza ndipo akaelewa, na kwa kuwa sheria za nchi hazifanani, kila atakayesoma hapa airejee amri yake mwenyewe na wakili wake kabla ya kuchukua hatua.

Mama alianza kupoteza kumbukumbu polepole, na kwa muda mrefu tulijidanganya kwamba ni uzee tu. Baadaye alilipa deni moja mara tatu, akampa mgeni kadi yake ya benki, na benki yenyewe ikasimamisha akaunti. Daktari bingwa alimpima na kuandika ripoti, tukapeleka maombi mahakamani, na mahakama ikaniteua kuwa msimamizi wa mali yake. Siku niliyopokea amri ile yenye mhuri niliipiga picha nikawatumia wadogo zangu, na chini yake nikaandika: "Sasa tunaweza kuuza." Makosa yetu yote yaliyofuata yalitoka ndani ya sentensi hiyo.

Dalali alipata mnunuzi ndani ya wiki chache. Tulikubaliana bei, rasimu ya mkataba wa mauziano ikaandikwa, naye akawa tayari kulipa malipo ya awali. Wakili wake aliomba nakala ya amri, akaisoma, kisha akanipigia simu akiwa na swali moja tu: ni aya ipi inayokuruhusu kuuza nyumba? Niliipitia amri aya kwa aya huku yeye akisubiri kwenye simu. Nilikuwa nimeruhusiwa kupokea pensheni ya mama, kuendesha akaunti yake, kulipa madeni na gharama za matunzo yake, na kuhifadhi mali zake. Neno kuuza halikuwamo. Ilinibidi nirudi mahakamani kuomba idhini mahususi, na mnunuzi yule, baada ya kusubiri miezi miwili, akapeleka fedha zake kwingine. Sikuwa na haki ya kumlaumu.

Nimefikiri sana kwa nini sikulisoma jambo hilo mapema, ilhali karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Naamini ni neno lenyewe lililonipotosha. Kwa wengi wetu, msimamizi ni msimamizi wa mirathi: mtu anayekusanya mali za marehemu, analipa madeni yake na kuwagawia warithi kinachobaki. Kazi hiyo ina mwisho, na mwisho wake ni mgawo. Msimamizi wa mali ya mtu aliye hai hana wa kumgawia, kwa sababu mwenye mali yupo, anakula, anaugua, na mwakani huenda akahitaji fedha nyingi kuliko mwaka huu. Nyumba hubaki kuwa yake hadi dakika inapohamishwa, na fedha za mauzo huwa zake tangu dakika hiyo hiyo. Sisi watoto hatukuwa na hata tofali moja ndani yake. Naona aibu kusema kwamba, kabla hata ya mnunuzi kupatikana, tulikuwa tumekwisha kupiga hesabu ya mafungu manne katika kundi letu la familia. Yaani tulishamgawana mtu aliyekuwa ameketi chumba cha pili akiuliza chai iko wapi.

Tahadhari ya kuuza haiko katika nchi moja tu. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, Sura ya 248, iliandikwa kwa namna ambayo msimamizi wa mali ya mgonjwa hawezi, bila idhini maalumu ya mahakama, kuuza mali isiyohamishika, kuiweka rehani, kuitoa zawadi, wala kuipangisha kwa muda unaozidi miaka mitano. Uingereza, mahakama ya mambo haya, Court of Protection, huandika mamlaka ya msimamizi na mipaka yake ndani ya amri yenyewe, na wakili wa mnunuzi huisoma kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo, kabla hujamwita dalali, tafuta katika amri yako neno linalotaja kuuza mali isiyohamishika, na uangalie kama imetajwa nyumba ile ile, kama kuna bei ya chini iliyowekwa, na kama idhini hiyo ina muda wa kuisha.

Ombi la pili lilipokubaliwa, mauzo yenyewe yalikuwa mepesi kuliko nilivyoogopa. Katika mkataba na katika hati ya uhamisho, muuzaji alikuwa mama. Jina lake lilitangulia, kisha likafuata langu kama mtu anayesaini kwa niaba yake, pamoja na namba ya shauri na tarehe ya amri. Mnunuzi wa pili alipendekeza atume sehemu ya fedha kwenye simu yangu ili kurahisisha mambo, nikakataa. Kila senti iliingia katika akaunti iliyofunguliwa kwa jina la mama chini ya usimamizi wangu, na gharama za dalali, mthamini na wakili zililipwa kutoka humo kwa risiti. Hesabu hizo huwasilishwa mahakamani kila mwaka, na msimamizi aliyechanganya fedha zake na za mzazi huanza kutafuta maelezo wakati huo.

Nitajibu maswali kadiri niwezavyo.


MsafiriWaKale

Mkuu, pole kwa yaliyowapata na asante kwa uwazi wako. Mama yangu alinisainia hati ya uwakilishi miaka sita iliyopita alipokuwa mzima kabisa, nayo inataja wazi kwamba naweza kuuza nyumba yake. Sasa hali yake inafanana na ya mama yako. Je, kuna haja ya kwenda mahakamani, au hati hiyo inanitosha?


WakiliAsiyelala

Ndugu Msafiri, swali lako ni la maana kuliko unavyodhani, kwa sababu watu wengi huuza kwa hati ya namna hiyo na tatizo huibuka baada ya miaka, nyumba ikiwa imekwisha kubadilika mikono mara mbili.

Katika nchi zilizorithi sheria za Uingereza, kanuni ya kale ni kwamba wakala hawezi kuwa na mamlaka ambayo aliyemtuma hana tena. Aliyekutuma akipoteza uwezo wa akili wa kutoa agizo, hati ya kawaida ya uwakilishi hufa pamoja na uwezo huo, hata kama haina tarehe ya mwisho. Ajabu ya kanuni hii ni kwamba hati hufa siku ile ile ambayo mzazi anaihitaji zaidi. Waingereza wenyewe waliona upungufu huo, na mwaka 1985 wakatunga sheria ya kuruhusu hati inayodumu baada ya mtu kupoteza uwezo. Kisha Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005 ikaleta hati ya aina mpya, inayopaswa kusajiliwa kabla ya kutumika, ambayo ilianza mwaka 2007. Kwa hiyo jiulize mambo matatu: je, sheria ya nchi yako inaitambua hati inayodumu? Je, hati yako inasema kwamba itadumu? Na je, ilisajiliwa mahali inapotakiwa? Jibu likiwa hapana katika mojawapo, usiuze kwa hati hiyo. Nenda mahakamani.

Kuna njia nyingine ambayo hukuiuliza, lakini nitaitaja kwa kuwa nimeiona ikitumika: kumshika mzazi mkono ili asaini, au kumpeleka asubuhi anapokuwa na nafuu na kumwambia atie dole gumba. Usifanye hivyo. Mkataba wa namna hiyo unaweza kubatilishwa, na aliyemshika mkono anaweza kujibu mashtaka.

Hata hivyo, tusivuke upande wa pili tukadhani kwamba kila mzee anayesahau majina ya wajukuu hana uwezo. Sheria ya Uingereza niliyoitaja inaanza kwa kudhani kwamba kila mtu mzima ana uwezo hadi ithibitishwe vinginevyo, na inasema wazi kwamba mtu hahesabiwi kukosa uwezo kwa sababu tu ameamua jambo lisilo la busara. Uwezo hupimwa kwa jambo mahususi na kwa wakati mahususi. Mzee anaweza kuwa na uwezo kamili wa kuamua akae na nani, na asiwe na uwezo wa kupima mkataba wa mauziano. Mahakama ikikuuliza kuhusu nyumba, ripoti ya daktari inapaswa kujibu kuhusu nyumba.


KaraniWaZamani

Nilifanya kazi katika masjala ya mahakama kwa miaka mingi, na majalada ya aina hii yalipita mikononi mwangu. Naomba nieleze kinachoyarudisha, kwa sababu watu hudhani ni ukali wa majaji, kumbe mara nyingi ni karatasi iliyoandikwa kwa mkato.

Kosa la kwanza ni sababu ya kuuza. Mwombaji huandika katika hati ya kiapo kwamba nyumba inauzwa "kwa ajili ya matunzo ya mzazi", akaishia hapo. Jaji hawezi kupima maneno hayo. Andika mapato ya mzazi kwa mwezi, andika gharama zake kwa mwezi, onyesha pengo lililopo na akiba iliyobaki italiziba kwa muda gani, kisha onyesha fedha za mauzo zitamtunza kwa miaka mingapi na zitahifadhiwa wapi. Ukurasa mmoja wa hesabu za kweli una uzito kuliko kurasa kumi za masikitiko. Eleza pia njia nyingine mlizozifikiria, kama kupangisha nyumba au kuuza kiwanja kingine, na kwa nini hazikufaa.

Kosa la pili ni kumficha ndugu. Yupo mtoto wa mke mwingine, yupo mdogo aliyehama na hapokei simu, yupo dada ambaye hamjazungumza tangu arusi fulani. Waandikie wote, hifadhi ushahidi kwamba mliwaandikia, na wataje wote kwenye kiapo pamoja na msimamo wa kila mmoja. Ndugu anayepinga akasikilizwa hachelewi kumalizana na mahakama. Ndugu aliyefichwa akaibuka siku ya uamuzi hulirudisha jalada nyuma kwa miezi.

Jingine ni dhamana. Mahakama nyingi humtaka msimamizi aweke dhamana itakayofidia hasara iwapo atatumia vibaya mali, na nyumba inapogeuka kuwa fedha taslimu dhamana ile huweza kuongezwa, kwa sababu nyumba haibebeki lakini fedha hubebeka. Ulizeni mapema ili gharama hiyo isiwashtue.


MthaminiMstaafu

Naunga mkono maelezo ya Karani, na ningependa kuongeza upande wa bei, maana hapo ndipo tuhuma huzaliwa.

Unapomwagiza mthamini, mwambie kwa maandishi kwamba ripoti ni kwa ajili ya mahakama na kwamba unataka bei ya soko. Ripoti nyingi huwa na tarakimu mbili: bei ya soko, ambayo ni ile inayotarajiwa kati ya muuzaji na mnunuzi walio huru na wenye muda wa kutosha, na thamani ya mauzo ya haraka, ambayo benki huitazama inapofikiria mkopo usiolipwa. Nimeshuhudia msimamizi akipeleka mahakamani tarakimu ya pili kana kwamba ndiyo ya kwanza. Huenda hakukusudia wizi, lakini tofauti ilikuwa kubwa, na ndugu zake hawakumsamehe.

Mthamini awe amesajiliwa, asiwe na undugu wala biashara na mnunuzi, na aingie ndani ya nyumba badala ya kuitazama kutoka barabarani. Ripoti nayo huzeeka. Katika jimbo la California nchini Marekani, kwa mfano, mauzo ya nyumba chini ya usimamizi wa mahakama yanayohitaji kuthibitishwa hudai tathmini iliyofanywa ndani ya mwaka mmoja kabla ya siku ya mahakama kuyathibitisha, na bei haipaswi kushuka chini ya asilimia 90 ya tathmini hiyo. Kisha, siku ya kuthibitisha, mtu mwingine anaweza kusimama mahakamani akapandisha bei, nayo sheria imeweka nyongeza ya kwanza kuwa asilimia 10 ya dola 10,000 za mwanzo za bei na asilimia 5 ya kiasi kilichobaki. Mnunuzi wa kwanza anaweza kuondoka mikono mitupu baada ya kusubiri kote huko. Si kila mahali pana utaratibu wa wazi namna hiyo, lakini swali ambalo kila jaji hulitafutia jibu ni lile lile: je, bei hii ingepatikana kama mwenye nyumba angekuwa mzima na anauza mwenyewe?


BintiWaTatu

Nimesoma michango yote kwa heshima, lakini kuna jambo linalonisumbua na nitalisema bila kuzunguka. Mnazungumza kuhusu thamani, viapo na dhamana kana kwamba mwenye nyumba amekwisha kuondoka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema katika ibara yake ya 12 kwamba watu wenye ulemavu wana haki sawa na wengine ya kumiliki mali na kusimamia mambo yao ya fedha, na kwamba hawapaswi kunyang'anywa mali zao kiholela. Nchi zetu nyingi zimeuridhia. Mimi baba yangu alihamishwa kwa "manufaa yake", nyumba ikauzwa, na hadi leo kila jioni huvaa viatu akisema anarudi kwake. Naomba mleta mada anijibu: je, kuna yeyote aliyemuuliza mama yenu? Na kwa nini hamkupangisha?


KifunguaMimba (mleta mada)

Dada yangu, asante kwa kuuliza. Swali lako la kwanza ndilo lililoniumiza zaidi katika shauri zima, na nitalijibu baada ya lile jepesi.

Kupangisha tulikufikiria kwa dhati. Nyumba ilikuwa ya zamani, paa lilivuja vyumba viwili, na nyaya za umeme zilihitaji kubadilishwa zote. Fundi alitupa makadirio ambayo yangemaliza akiba ya mama kabla ya mpangaji wa kwanza kuingia, na kodi ya pango, hata ikilipwa bila kukosa, isingefika nusu ya gharama za matunzo yake. Aidha, nyumba ilikuwa tupu, na nyumba tupu ina gharama zake. Bima nyingi hupunguza ulinzi au huuondoa kabisa nyumba ikikaa bila mtu kwa siku 30 au 60, jambo ambalo sikulijua hadi siku niliyopiga simu kuuliza kuhusu dirisha lililovunjwa. Msimamizi yeyote anayesoma hapa aiandikie kampuni ya bima mapema.

Sasa kuhusu kumuuliza mama. Katika kiapo changu cha kwanza niliandika kwamba "mama hawezi kutoa maoni yoyote kuhusu suala hili kutokana na ugonjwa wake". Jaji aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, akaniuliza: ulimuuliza lini? Sikuwa na tarehe ya kumpa. Aliagiza ofisa wa ustawi wa jamii aende kumwona mama mara mbili, kwa nyakati tofauti za siku, bila mimi kuwepo. Mama alimwambia ofisa yule kwamba anataka kurudi nyumbani. Alipoulizwa nyumbani kukoje, hakuielezea nyumba tuliyokuwa tukitaka kuiuza. Alielezea nyumba ya wazazi wake, ambayo haipo tena, na mti uliokuwa mlangoni, na ngazi tatu za kushuka uani. Mara ya pili alisema kwamba hataki kulala peke yake, na kwamba kitanda chake kisiguswe.

Ofisa aliandika yote bila kutafsiri, nami namshukuru kwa hilo. Jaji hakusema kwamba maneno ya mama hayana maana kwa kuwa yalichanganya nyumba mbili. Aliruhusu mauzo, lakini akaagiza kwamba fedha zimtafutie mahali penye uwanja anakoweza kutoka nje mwenyewe, kwamba chumba chake kiwe na mlango wa jirani na chumba cha mtunzaji, na kwamba kitanda kile kihamishwe pamoja naye. Maagizo hayo yamo ndani ya amri, na katika hesabu za mwaka wa kwanza niliambatisha risiti ya kusafirisha kitanda.

Sisemi kwamba hilo linamaliza hoja yako. Mama naye kuna jioni anazovaa viatu.


BintiWaTatu

Nakushukuru kwa kujibu bila kujitetea. Bado naamini wengi huuza mapema mno kwa sababu nyumba ni mzigo kwa watoto kuliko ilivyo mzigo kwa mzazi, ila naona kwamba kwenu hesabu zilifanywa. Kwetu hakuna aliyemwendea baba hata mara moja.


KitindaMimba77

Naomba kuuliza kwa niaba ya rafiki, ingawa mnaweza kucheka. Msimamizi akiwa ndiye anayetaka kuinunua nyumba yenyewe, kwa bei kamili ya mthamini, kuna ubaya gani?


WakiliAsiyelala

Mwambie rafiki yako kwamba atakuwa amekaa pande mbili za meza: kama msimamizi anatakiwa kutafuta bei ya juu kabisa, na kama mnunuzi anatamani ya chini kabisa. Mauzo hayo hayaruhusiwi isipokuwa mahakama iwe imeambiwa waziwazi na kukubali, na mara nyingi itataka mtu mwingine huru amwakilishe mzazi katika jambo hilo moja. Kumtumia mke, mume au shemeji kama mnunuzi wa jina hakubadilishi kitu, isipokuwa kwamba kunaongeza udanganyifu. Ndugu ambaye si msimamizi anaweza kununua kwa urahisi kidogo, lakini undugu huo utajwe katika ombi.


KitindaMimba77

Nimekuelewa. Swali la mwisho: katika wosia wake, mama aliniachia mimi nyumba kwa jina langu, kwa kuwa ndiye niliyekaa naye. Kaka zangu waliachiwa akiba ya benki. Nyumba ikiuzwa sasa na fedha zikaingia benki, je, mimi nimebaki na nini?


WakiliAsiyelala

Sasa umeuliza lako mwenyewe, na ni swali zito.

Kanuni ya jumla katika sheria za wosia ni kwamba kitu mahususi kilichoachwa kwa mtu kikiwa hakipo tena siku ya kifo, zawadi hiyo huanguka, na aliyeachiwa hapati badala yake. Kwa mtu aliyeuza mwenyewe akiwa na akili zake, tunaweza kusema alibadili nia. Kwa mzazi aliyeuziwa na msimamizi, hakuna nia iliyobadilika, na matokeo yake ni kwamba amri ya kumtunza mzazi inaandika upya wosia wake bila mtu yeyote kukusudia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 imeliona tatizo hili: katika jedwali lake la pili, mali ikiuzwa chini ya mamlaka ya Court of Protection, yule ambaye angeipata kwa wosia huhifadhiwa haki inayolingana katika kile kinachobaki cha fedha za mauzo. Si kila nchi ina kifungu kama hicho, wala kinga hiyo haimrudishii mtu kile ambacho tayari kimetumika kwa matunzo, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Ushauri wangu ni huu: kama unajua kuna wosia unaoitaja nyumba, usiufiche kwa woga na usiutangaze kwa tamaa. Wakili wa msimamizi aiarifu mahakama, aombe fedha za nyumba ziwekwe katika akaunti ya peke yake isiyochanganywa na akiba ya zamani, na aombe maelekezo ya akaunti ipi itumike kwanza kwa matunzo. Fedha zikishachanganyika, hata jaji mwenye nia njema hushindwa kuzitenganisha.


MsafiriWaKale

Na mzazi akifariki katikati ya mauzo, yaani mkataba umesainiwa lakini uhamisho haujasajiliwa?


KaraniWaZamani

Mamlaka ya msimamizi huishia pale pale, hata kama kalamu ilikuwa mkononi. Asisaini hati ya uhamisho, asitoe fedha, awaarifu mahakama, benki na wakili wa mnunuzi. Mkataba uliokwisha kusainiwa kihalali kwa kawaida hauanguki. Huwafunga wasimamizi wa mirathi, ambao watakamilisha mauzo baada ya kuteuliwa. Nimeona msimamizi aliyesaini siku mbili baada ya mazishi kwa sababu "kila kitu kilikuwa tayari", na kusafisha hati ile kulichukua muda mrefu kuliko mauzo yenyewe. Jambo jingine linalofanana na hilo: kama nyumba ina majina mawili kwenye hati miliki, mathalani la baba na la mama, amri inayohusu mali za mmoja wao haitoshi kumsainia mwenzake, na mara nyingi hata kwa lile fungu la mgonjwa patahitajika amri ya ziada. Tazameni hati miliki kabla ya kuandika ombi, msije mkaenda mahakamani mara tatu.


KifunguaMimba (mleta mada)

Nawashukuru Wakili, Karani na Mthamini. Kama ningesoma majibu yenu kabla ya kuanza, mnunuzi wa kwanza asingeondoka. Nitamaliza na kituko kidogo ambacho niliulizwa faraghani.

Mkataba wa mauziano ulisema kwamba muuzaji atakabidhi funguo zote siku ya makabidhiano. Tulikusanya funguo kutoka kwa kila mmoja wetu zikapatikana nne, lakini ya tano ilikuwa kwa mama. Aliiweka ndani ya mfuko wa gauni lake, na kila alipobadilishwa nguo aliihamisha mwenyewe, yeye ambaye siku nyingine hakumbuki kama amekula. Mdogo wangu alitaka aichukue usiku mama akiwa amelala. Nilimuuliza wakili wetu, naye akashauri tumwambie mnunuzi ukweli. Nilimwandikia barua kwamba ufunguo mmoja hautapatikana na kwa nini. Alijibu kwa mistari miwili: kwamba angebadilisha vitasa kwa vyovyote vile, na kwamba mama asisumbuliwe.

Katika orodha ya mali niliyowasilisha mahakamani mwaka huo, baada ya akaunti, vyombo na kitanda, niliandika kifungu cha mwisho: ufunguo mmoja wa mlango wa mbele, hauna thamani ya fedha, uko kwa mwenyewe.